Msomaji wa Bureti

Chuoni, Bweni la Tatu
Jumatatu, 14 Oktoba 1996

Shikamoo Mjomba Zenon,

Mkuu wa Idara ya Kemia, Dk. Marselino, alisema Ijumaa mbele ya walimu watano kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanafunzi huyu amewahi kufanya kazi ya maabara kwa mikono yake. Mwanafunzi huyu ni mimi. Nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, naye alizungumza kana kwamba nimetoka nje.

Nimelitanguliza hilo, sasa salamu. Mimi ni mzima, malaria ya Septemba imeisha. Mama amenitumia salamu kwa mtu aliyetoka Mwazye. Anasema mguu wa baba umepona na ameanza kulima. Ukienda huko nithibitishie, maana mama haniambii ugonjwa mpaka uishe. Mwambie mdogo wangu Timoth asiache shule kwa sababu ya biashara ya kandambili.

Narudi kwenye jambo lenyewe. Tangu mwaka wa masomo uanze, maabarani nawekwa kwenye stuli. Msaidizi anafanya kila kitu, mimi naambiwa, "Sasa imekuwa bluu." Michoro ya ubaoni naelezwa hivi: "Mstari unapanda, halafu unapinda." Nikiuliza unapindia wapi, wanasema, "Pale." Nililalamika kwa barua, na kikao cha Ijumaa ndicho kilikuwa jibu. Wanauliza nilifauluje kemia ya kidato cha sita na macho yaliondoka na surua nikiwa na miaka saba.

Wanataka maelezo ya mtu aliyenisomea vipimo kwenye mtihani wa vitendo. Mtu huyo ni wewe. Nusu ukurasa inatosha: mimi nilishika nini, wewe ulisoma namba gani kwenye bomba la bureti, nani alifunga koki yake. Weka sahihi na muhuri wa shule. Yafike kabla ya kikao cha Ijumaa tarehe 21 Machi mwakani. Yasipofika nahamishiwa sosholojia, na kemia nitakuwa nimeiaga.

Nitumie pia kilo mbili za ulezi uliopepetwa vizuri. Mwenzangu wa chumba anapaka gundi juu ya mstari wa grafu, mimi namwaga punje. Gundi ikikauka napitisha vidole na kujua mstari unapindia wapi.

Barua zangu nazipiga mwenyewe kwa taipureta, kwa hiyo makosa ni yangu. Zako za mkono nasomewa na mwenzangu huyo, jina lake Minza.

Mpwa wako,
Coleta


Sumbawanga
23 Novemba 1996

Mpwa wangu Coleta,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 29 Oktoba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Nilikwenda Mwazye Jumapili iliyopita. Mguu wa baba yako haujapona. Analima ameufunga kwa kitambaa, na mama yako amenikataza kukwambia. Mvua zilianza tarehe 11. Mbolea ya ruzuku haipo tena. Sasa inauzwa na wafanyabiashara wa Matai kwa kopo, na watu wanaionja kwa ulimi kabla ya kuichukua kwa sababu wapo wanaochanganya na chumvi. Timoth yuko shule asubuhi na kwenye kandambili jioni.

Ofisi ya elimu imesema orodha ya wafanyakazi watakaopunguzwa itatoka mwakani. Wahudumu wa maabara tumetajwa.

Ulezi nimempa Evaristi, anayefuata mitumba huko pwani. Upime ukifika.

Kuhusu maelezo unayotaka, tutazungumza ukija likizo. Sosholojia nayo ni elimu, tena haina asidi.

Huyo Minza ni mtu wa wapi? Kama ni binti wa Sayi, yule Msukuma mwenye ng'ombe kule bonde la Rukwa, ng'ombe wake walilala kwenye mahindi ya mkulima Romani mwaka juzi. Sayi akasimama mbele ya baraza la kata akasema ni ng'ombe wa mtu mwingine, na alama ya moto ubavuni ilikuwa yake. Mtu aliyelelewa nyumba hiyo anasoma kilichoandikwa, au anasoma anachotaka?

Mjomba wako,
Zenon


Sumbawanga
11 Januari 1997

Coleta,

Habari za mwaka mpya. Huku tumeuona salama. Shangazi yako Angela amejifungua mtoto wa kike, uzito kilo tatu na robo, mizani ya zahanati. Baba yako sasa anatembelea fimbo.

Tarehe 4 mwezi huu nimepokea bahasha yako. Ndani mna karatasi mbili nyeupe zilizokunjwa vizuri. Hazina neno hata moja, mbele wala nyuma. Nimempelekea Mwalimu Leonsi wa Fizikia akazitazama, naye hakuona kitu. Anwani juu ya bahasha imeandikwa kwa mkono wa mtu anayeona.

Kuna mambo mawili. Ama uliandika, mtu akatoa barua akatia karatasi tupu. Ama umenitumia karatasi tupu kwa makusudi ili nielewe jambo. Kama ni la pili, sijalielewa. Kama ni la kwanza, unalala chumba kimoja na mtu aliyefanya hivyo.

Nijibu, na bahasha aifunge mtu mwingine.

Zenon


Chuoni, Bweni la Tatu
27 Januari 1997

Shikamoo Mjomba,

Hongera kwa Shangazi Angela. Nimesikia habari ya mguu na fimbo. Nimemwandikia mama kwamba najua, asijisumbue kuficha.

Ulezi ulifika, kilo mbili pungufu ya kikombe. Msimamizi wa bweni aliufungua akauliza chachu iko wapi. Minza akamjibu, "Mama, huyu ni Mfipa, hilo ndilo daftari lake." Mpaka leo msimamizi huja kunusa pombe mlangoni kwetu kila Jumamosi.

Karatasi zile sikuzituma tupu. Niliandika kurasa mbili, utepe wa taipureta ulikuwa umeisha wino. Herufi zinagonga vilevile, sauti ni ileile, mimi nitajuaje? Minza alikuwa kwao kwa likizo, bahasha iliandikwa na dada wa jikoni. Minza aliposoma barua yako alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafika pale kwenye mtu unayelala naye chumba kimoja, akaacha kucheka, akaendelea kusoma. Ile ya Novemba ya ng'ombe pia aliisoma yote. Najua ni yote kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujitungia matusi kama yale.

Narudia niliyoyaandika Desemba, kwa ufupi. Nimekuomba nusu ukurasa, umenijibu habari za mbolea. Sikumbuki ukishindwa kuandika nusu ukurasa. Kwa hiyo nauliza: siku ile ya mtihani, namba ulizonisomea ndizo zilizokuwa kwenye bureti? Au ulinisomea namba nzuri kuliko nilizopata?

Jibu ni ndiyo au hapana.

Coleta

(Chini, kwa kalamu ya wino:) Shikamoo Mzee Zenon. Mimi ndiye Minza. Ni kweli Sayi ni baba yangu. Nimeongeza haya kwa ruhusa ya Coleta na nimemsomea nilichoandika. Ng'ombe walikuwa wetu. Baba alidanganya, na mama alimwambia hivyo hivyo jioni ile. Mimi nasoma kilichoandikwa.


Sumbawanga
15 Februari 1997

Coleta,

Hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni. Orodha ya kupunguzwa haijatoka.

Barua yako ya Desemba nilikuwa nimeshaisoma kabla hujaeleza habari ya utepe. Siku mbili baada ya kukuandikia nililaza penseli nikaipitisha juu ya karatasi polepole, na herufi zilizogongwa zikabaki nyeupe. Kwa hiyo swali lako limenifikia mara mbili.

Sitalijibu kwa wino.

Siku hizi kila Jumamosi niko shule ya msingi kwenye kitengo cha watoto wasioona, kwa Mwalimu Bertilla. Mke wangu ameanza kuuliza maswali kuhusu Jumamosi hizo, na wewe usiulize. Wala usimwambie mtu, hasa huyo anayekusomea hapa.

Minza, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Romani naye amesomewa ulichoandika. Anasema mahindi hayarudi, lakini asante.

Zenon


Chuoni, Bweni la Tatu
28 Februari 1997

Shikamoo Mjomba,

Sote wazima. Utepe ni mpya, Minza ameukagua.

Nimepata njia ya kupima bila mtu wa kuniambia rangi. Fundi Flavian wa karakana amenichongea mapengo kwenye mpini wa bomba la sindano, pengo moja kila mililita, kwa hiyo nahesabu kwa ukucha. Mahali pa rangi natumia maji ya kitunguu kibichi. Ukiyatia kwenye asidi harufu inabaki. Magadi yakizidi, harufu inakatika. Nimejaribu mara kumi na moja jikoni kwa dada yule yule wa bahasha. Mara tisa nimekosea kwa chini ya nusu mililita. Nilimweleza Dk. Marselino. Alisema, "Hii ni maabara, siyo jikoni." Nilimwambia jikoni ndiko nilikoruhusiwa kugusa vyombo.

Hata hivyo hayo ni ya kesho. Wanachouliza ni cha jana, na cha jana unacho wewe.

Nimefikiri sana, na nakwambia nilikofika. Mtu asiye na cha kuficha huandika kwa wino. Wewe umeniambia hutaandika. Basi nachukulia kwamba ulinibeba: bureti ilionyesha vibaya, ukanisomea vizuri. Kama ni hivyo, alama ile ni yako, na nafasi hii nimeikalia kwa macho yako. Sitangoja kutolewa. Jumatatu ya tarehe 17 Machi nitaandika mwenyewe barua ya kuhama.

Nina hasira na wewe, na sijui bado kama ni ya haki.

Coleta


(Kwa breli, kurasa tano)
Sumbawanga
8 Machi 1997

Coleta, usiandike barua ya kuhama.

Natoboa hii peke yangu kwa kibao na sindano ya Mwalimu Bertilla. Amenifundisha wiki saba. Watoto wa darasa la pili wananicheka, wananiita Babu Mwanafunzi. Hii hatasoma Bertilla wala Minza. Evaristi ataileta mkononi mwako.

Baba yako yuko vizuri kidogo.

Jibu ni ndiyo. Namba zote nilizokusomea ndizo zilizokuwa kwenye bureti. Ya kwanza 24.6. Ya pili 24.5. Ya tatu 26.1. Ya tatu iliharibika, na niliyeiharibu ni mimi. Wewe ulikuwa kwenye koki, mimi nasema bado, bado, bado. Msimamizi wa mtihani akageuka kututazama. Nikaogopa atadhani nakusaidia. Nikamtazama yeye badala ya chupa. Nilipoirudia chupa, rangi ya waridi ilikuwa imekolea. Nikasema sasa. Ukaniuliza, Una hakika? Nikasema namba ni hiyo. Namba ilikuwa hiyo kweli. Ungepata alama zaidi na msomaji mwingine.

Nilichoficha ni kingine. Kabla ya mtihani kulikuwa na fomu ya wino. Sentensi ya nne ilisema msomaji si ndugu wa mtahiniwa. Mwalimu wa kemia alikataa kukusomea, aliogopa lawama. Mwingine hakuwepo. Bila msomaji usingefanya. Jina lako la ukoo ni la kwa baba yako, langu la kwetu, hakuna aliyejua. Nikasaini. Halafu nikashika mkono wako nikauweka kwenye mstari, nikakwambia, Saini hapa, ni ya mahudhurio. Ukasaini.

Nilikuwa msomaji wako na sikukusomea.

Nikiandika kwa wino na muhuri, mkuu wa shule ataisoma kabla ya kugonga muhuri. Orodha ya kupunguzwa atapeleka yeye. Hiyo ndiyo sababu ya mbolea na ng'ombe.

Fanya na barua hii unavyotaka.

Zenon


Chuoni, Bweni la Tatu
Jumatatu, 24 Machi 1997

Shikamoo Mjomba,

Evaristi alifika na barua yako tarehe 16, siku moja kabla sijaandika yangu. Salamu zote zimefika. Baba "vizuri kidogo" nimeelewa. Nimemwomba Timoth anieleze kwa maneno yake.

Breli yako ina makosa kumi na manne, na kwenye ukurasa wa tatu umeruka mstari mzima. Niliisoma mara mbili. Minza alikaa kitandani kwake akiniangalia vidole. Nilipomaliza akauliza, "Mzee anasemaje?" Nikamwambia, "Hii ni yangu." Akasema, "Haya, leo nimejua unavyojisikia."

Kuhusu namba, nakuamini. Kuhusu fomu, sijui bado nitakwambia nini. Ungenisomea ile sentensi, huenda ningesaini vilevile. Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka kemia. Lakini ingekuwa nimedanganya mimi. Ulinifanya nidanganye bila kujua, na ulijua kwamba sijui. Hilo linanikera kuliko 26.1.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Niliingia na barua yako. Dk. Marselino aliipokea, nikasikia anazigeuza kurasa.

"Hapa pameandikwa nini?" akauliza.

"Ni maelezo mliyoyataka, Daktari. Ya msomaji wangu."

"Mimi siwezi kusoma hivi."

"Ndiyo. Nitakusomea."

Nikasoma yote, pamoja na sentensi ya nne na kuogopa kwako kupunguzwa. Sikuruka kitu. Nilipomaliza, Dk. Marselino akauliza atajuaje kama nimesoma kilichoandikwa.

Nikamwambia hawezi kujua. Nikamwambia mimi nimekaa hivyo maabarani kwake tangu Oktoba.

Mwalimu mmoja wa kike, sijui jina lake, alikohoa. Dk. Marselino hakukasirika, au hakuonyesha. Aliniuliza kama naelewa kuwa nimejiletea tatizo lingine badala ya kutoa lile la kwanza. Nikasema naelewa. Walinitoa nje dakika arobaini.

Uamuzi ni huu, nimeuandika kama alivyousoma. Habari ya fomu itapelekwa kwa msajili, na huko inaweza kufutwa au kunifuta. Idara haitaisubiri. Itanipa jaribio la vitendo, mimi peke yangu, mikono yangu, bila msomaji, kwa bomba la sindano na kitunguu. Asidi ataichanganya Dk. Marselino mwenyewe na hatamwambia mtu nguvu yake. Nikikosea zaidi ya mililita moja nahamia sosholojia siku hiyo hiyo. Nikipatia, idara itamwandikia msajili kwamba inanihitaji kemia, na vyombo nilivyochongewa vitaingia kwenye orodha ya maabara ili atakayekuja baada yangu avikute. Kitunguu kitanunuliwa na msaidizi wake sokoni. Nilisema sikubali. Anaweza kuleta kilichonyauka, kwa makusudi au kwa kutojua. Tumekubaliana nikachague mwenyewe kwa kunusa, msaidizi akiwa nyuma yangu.

Kuna fomu ya jaribio ya kusaini. Nimeomba iwe ya breli, wakasema hawana. Basi watanisomea watu wawili wasiojuana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa peke yake na mimi. Wakisoma tofauti sitasaini.

Kwako wanataka maelezo hayo hayo kwa wino, na sahihi. Muhuri si lazima tena. Niliwaomba wauondoe, wakauondoa, kwa hiyo mkuu wa shule si lazima ayaone. Ila msajili anaweza kuwaandikia shuleni, na hilo sikuweza kulizuia. Usipoyaandika, barua ya breli itahesabiwa kuwa nimeitunga mimi. Uamuzi ni wako. Sitakuandikia tena kukukumbusha.

Maelezo yawe yamefika idarani ifikapo Jumanne tarehe 8 Aprili. Jaribio ni Jumanne tarehe 15 Aprili, saa mbili asubuhi, maabara ya chini.

Coleta